Kabla ya Kwenda Ugenini: Namna ya Kuisoma Mechi na Kuifuata

Novemba 29, 2022 Yanga walifika Ubaruku, wilayani Mbarali, wakiwa wamecheza mechi 49 za Ligi Kuu Tanzania Bara bila kupoteza. Rekodi ikaishia pale. Ihefu, timu iliyokuwa ikipigania kubaki ligi, iliwafunga 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estates, katikati ya nchi ya mpunga. Oktoba 4, 2023 Yanga wakarudi uwanja uleule, wakafungwa tena, 2-1 ileile. Na misimu yote miwili Yanga ndio waliotwaa ubingwa, kwa hiyo hakuna awezaye kusema walikuwa timu mbovu.

Baada ya kipigo cha aina hii lawama humwangukia kipa, kocha au mwamuzi. Wachache huuliza mechi ilichezwa kwenye nyasi gani, saa ngapi, baada ya safari ipi, na wenyeji huwa wanafungaje pale kwao. Mechi ya ugenini ina mambo mengi yanayoonekana mapema, siku tatu nne kabla ya filimbi ya kwanza. Shabiki anayeyatazama huifurahia mechi mara mbili, na timu yake ikiteleza anajua aulize nini. Hapa nimeandika njia ninayoifuata, tangu kuikadiria mechi hadi kupanda basi kuifuata.

Anza na hesabu ya pointi

Kabla hujatabiri chochote, chukua msimamo wa ligi na ujiulize timu yako inahitaji nini kutoka katika safari hii. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Pointi 45 zinatafutwa mbali na nyumbani.

Tazama mabingwa wa miaka ya karibuni. Yanga walimaliza na pointi 78 msimu wa 2022/23, 80 msimu wa 2023/24 na 82 msimu wa 2024/25. Kati ya pointi 90 zinazowezekana, walipoteza 12, kisha 10, kisha 8. Kwa hiyo kama timu yako inawania ubingwa, sare moja ya ugenini inakula pointi mbili, na pointi mbili ni robo ya zote walizopoteza mabingwa wa 2024/25 kwa msimu mzima. Ukiijua hesabu hiyo utaelewa kwa nini kocha anaingiza mshambuliaji wa tatu dakika ya 70 huku ubao ukisoma 1-1, ingawa nyuma kunabaki wazi.

Kwa timu ya katikati ya msimamo hesabu inageuka. Ikishinda mechi zote za nyumbani na kutoa sare zote za ugenini inapata pointi 60. Hizo hazileti kombe, maana msimu wa 2023/24 hata pointi 69 walizopata Azam na Simba ziliwaacha nyuma ya bingwa kwa pointi 11. Lakini kwa timu isiyowania kombe, pointi 60 ni msimu wa kujivunia, na sare ya ugenini ni kazi nzuri inayostahili makofi.

Msimu huohuo una somo jingine. Azam na Simba walilingana pointi, na tofauti ya mabao ikawapa Azam nafasi ya pili na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Kwa hiyo timu yako ikiongoza 2-0 ugenini, bao la tatu dakika ya 88 lina thamani, na bao la kizembe mnalofungwa dakika ya 90 lina gharama, hata kama mnaondoka na pointi zote tatu.

Andika kwenye daftari au kwenye simu matokeo matatu: tunayoyahitaji, tunayoweza kuyakubali, na yatakayotuumiza. Yaandike kabla ya mechi, ukiwa umetulia. Baada ya filimbi hasira huandika vingine.

Usome uwanja

Viwanja havilingani, na sheria za mpira zenyewe zinaruhusu visilingane. Urefu unaweza kuwa kati ya mita 90 na 120, na upana kati ya mita 45 na 90. Timu iliyozoea eneo pana la uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ikienda kwenye uwanja mwembamba, mawinga wake wanakosa nafasi ya kukimbia, mabeki wa wenyeji wanasaidiana bila kuhama sana, na mpira wa kurusha karibu na kibendera unakuwa sawa na kona.

Kisha kuna nyasi. Kaitaba pale Bukoba, kwa miaka mingi nyumbani kwa Kagera Sugar, una nyasi bandia. Mpira unadunda juu zaidi na unateleza haraka ukiloa, na mchezaji asiyeuzoea anachelewa kwa hatua moja. Kwenye nyasi za asili zisizomwagiliwa mambo ni kinyume: pasi ya chini inafia njiani, na kiungo anayependa kugusa mara moja analazimika kugusa mara tatu.

Huna haja ya kusafiri ili kuyajua haya. Tafuta marudio ya mechi ya mwisho ya wenyeji wakiwa nyumbani, tazama dakika 20 za kwanza tu, na uache kuufuata mchezo. Fuata mpira wenyewe. Pasi ndefu ya chini inafika au inapungua nguvu? Mpira wa juu ukitua, unaruka hadi magotini au hadi kifuani? Halafu angalia mbele ya goli, pale kipa anapokanyaga kila siku. Nyasi huisha hapo kwanza. Kikibaki kipara cha udongo, shuti dhaifu la chini linaweza kudunda kwenye kishimo na kupita juu ya mkono wa kipa aliyekwisha kulala vizuri kabisa. Ukikiona kipara hicho siku ya Jumanne, bao la namna hiyo halitakushangaza Jumamosi, wala hutamtukana kipa wako kwa ajili yake.

Usome hewa na saa

Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu, na Mbeya takribani mita 1,700. Mbeya si La Paz, ile ya Bolivia iliyopita mita 3,600, lakini kwa mwinuko wake kanieneo ya hewa inapungua kwa karibu asilimia 18, na oksijeni anayoivuta mchezaji kwa kila pumzi inapungua kwa kiasi hichohicho. Mtu wa pwani haishiwi nguvu dakika ya tano. Tofauti inaonekana kati ya mbio moja na nyingine: anapanda kushambulia, anarudi kukaba, kisha anachelewa kupanda tena. Mtazame beki wa pembeni kuanzia dakika ya 60, maana yeye ndiye anayekimbia urefu wote wa uwanja.

Hewa nyepesi pia inaubeba mpira mbali zaidi. Krosi inapita kichwa cha straika, na shuti la mita 25 linamfikia kipa mapema kuliko alivyozoea. Kama wenyeji wana mtu wa kupiga mbali, mweke kwenye orodha yako.

Usichukulie mkoa mzima kuwa na hali moja, kwani Mbarali na Mbeya mjini ni mkoa mmoja, ila Mbarali ni bonde la Usangu, chini na kwenye joto, huku Mbeya mjini Juni na Julai watu wakivaa makoti. Angalia utabiri wa mji wenyewe. Angalia na msimu: Mbeya mvua hunyesha Novemba hadi Aprili hivi, wakati pwani masika ni Machi hadi Mei. Mechi ya Februari Mbeya inaweza kuchezwa kwenye tope siku ambayo Dar es Salaam inaungua kwa jua.

Na saa ya mechi usiipite haraka. Mechi ya saa 8 mchana kwenye joto ni tofauti na ya saa 1 usiku. Kwenye uwanja usio na taa, mechi ya saa 10 jioni ina tatizo lake: kipindi cha pili jua linashuka, na kipa anayeelekea magharibi anakinga uso kwa mikono kila kona inapopigwa.

Usome ratiba na safari

Chukua kalenda, hesabu siku kumi nyuma na siku kumi mbele. Nyuma tafuta mechi ngumu, safari ndefu na majeruhi. Mbele tafuta mechi itakayomfanya kocha apumzishe watu. Timu inayocheza mashindano ya CAF mara nyingi huja mkoani ikiwa na kikosi kilichochanganywa, na viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vikilimbikizana inaweza kucheza mara tatu ndani ya siku nane.

Kisha uliza timu inasafiri vipi. Kwa barabara Dar es Salaam hadi Tanga ni takribani kilomita 350, hadi Dodoma 450, hadi Mbeya 830, hadi Bukoba karibu 1,400. Kwa klabu inayoweza kulipa, ndege hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, inaifupisha safari ikawa ya asubuhi moja. Kwa klabu ndogo ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti, na misuli ya paja inaisikia kesho yake. Ndiyo maana timu ndogo ikitoa sare mbali namna hiyo, mimi naiheshimu.

Wasome wenyeji wakiwa kwao

Msimamo wa jumla unaficha mengi. Timu ya 13 inaweza kuwa imepoteza karibu kila mahali isipokuwa nyumbani. Chukua mechi tano za mwisho za wenyeji kwenye uwanja wao na uandike mambo manne tu.

La kwanza, mabao yao yanatoka wapi. Ukikuta nusu yametokana na mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na mipira ya kurusha, basi hofu yako iwe faulo za kijinga karibu na boksi lenu. La pili, wanafunga na kufungwa dakika zipi. La tatu, nani hayupo kwa kadi au majeraha. La nne, je, benchi la ufundi limebadilika? Kocha mpya kwenye mechi yake ya kwanza nyumbani huwapa watu mbio wasizokuwa nazo wiki iliyopita.

Ongeza moja la moyoni: mchezaji aliyewahi kuachwa na klabu yenu. Anaijua mechi hii mwezi mzima kabla.

Andika maswali kabla ya utabiri

Kutabiri matokeo peke yake hakukufundishi kitu. Ukisema 2-0 na ikawa 2-0, huenda umebahatisha. Badala yake, andika maswali matatu ambayo mechi itayajibu. Tuseme timu yako ya Dar es Salaam inakwenda Sokoine, Mbeya, mwezi wa Februari. Mimi ningeandika haya:

1. Dakika 15 za kwanza, tunaweza kuunyamazisha uwanja kwa kushika mpira, au tunakimbizana nao? Timu ya nyumbani huingia na nguvu za jukwaa, na mgeni akizipita dakika hizo salama, jukwaa lenyewe linaanza kuwalaumu wenyeji.
2. Kati ya dakika ya 60 na 75, nani anabadilishwa, na je, beki wa pembeni aliyechoka anabaki? Timu ina nafasi tano za kubadilisha wachezaji, lakini mchezo ukiendelea ina vipindi vitatu tu vya kuzitumia.
3. Mvua ikinyesha, tuna mtu wa kupigiwa mipira mirefu, au tutaendelea kupiga pasi fupi kwenye madimbwi?

Mechi ikiisha, maswali haya yatakuambia kama timu ilifanya kazi yake, hata pale ubao unaposema vingine.

Ukiamua kuifuata timu

Kwanza, usinunue nauli isiyorudishwa mpaka tarehe na saa zithibitishwe na Bodi ya Ligi, na hata baada ya hapo uwe na akiba. Machi 8, 2025 dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, ikaja kuchezwa Juni 25. Waliotoka mikoani walikuwa wameshafika. Kwa hiyo uliza mapema: tiketi ya basi inabadilishwa tarehe? Nyumba ya wageni inataka malipo yote au nusu?

Pili, chagua usafiri kwa siku ulizonazo. Kwa Mbeya, basi la alfajiri kutoka Mbezi linakufikisha usiku, zaidi ya saa 12 njiani, kwa hiyo ondoka siku moja kabla ya mechi. Treni ya TAZARA inapita Mbeya, ila hakikisha kwanza kama inasafirisha abiria siku hizo, na inamfaa mwenye siku za ziada. Kwa Morogoro na Dodoma, reli ya SGR imerahisisha mambo tangu 2024, lakini tiketi za mwisho wa wiki yenye mechi kubwa huisha mapema.

Tatu, mkisafiri kama tawi kwa Coaster, fanyeni mambo kwa utaratibu. Mtu mmoja ashike michango na kuandika kila shilingi mbele ya wote. Kuwe na orodha ya majina, namba za simu, na namba ya ndugu wa kila mmoja, nakala moja ibaki Dar es Salaam. Gari liwe na kibali cha abiria na madereva wawili. Hili la madereva halina mjadala. Fikiria mlima Kitonga, unapopanda kuelekea Iringa: barabara imekunjwa ubavuni mwa mlima, malori yanapanda kwa kutambaa, na dereva wa gari dogo nyuma yao anaanza kukosa subira. Mnaporudi mahali hapo ni usiku, mnateremka, na dereva wenu ameshinda uwanjani akishangilia pamoja nanyi. Mpumzisheni. Asiingie uwanjani, alale, alipwe vizuri. Hakuna pointi tatu zenye thamani ya mtu mmoja wa tawi lenu.

Nne, mzigo uwe mdogo na uwe sahihi. Jezi, sweta au koti kwa nyanda za juu, koti la mvua badala ya mwavuli kwa sababu mwavuli unamziba aliye nyuma yako, betri ya akiba ya simu, kitambulisho, dawa kama unazitumia. Pesa igawe sehemu mbili, na ya nauli ya kurudi usiiguse hata mkishinda. Njiani chimba dawa kila gari linaposimama, maana foleni ya mizani haina choo.

Tano, tiketi ya mchezo. Uliza wenyeji inauzwaje: viwanja vingine vinatumia N-Card, vingine vinauza kwenye vituo vya mjini. Nunua kwa muuzaji anayejulikana, na uwe getini saa mbili kabla. Ukiwa na watoto au wazee, lipia jukwaa lenye paa. Mzunguko, yaani majukwaa yasiyo na paa, una raha yake ya kuimba, lakini jua na mvua vyote ni vyako.

Sita, heshimu mji. Kaeni pamoja upande mliopangiwa, imbeni kwa ajili ya timu yenu kuliko kuwasema wenyeji, na mwenyeji akikutania, mjibu kwa utani. Mkishinda, shangilieni ndani ya uwanja, kisha tokeni kwa utulivu. Mkifungwa, msibishane na mtu getini. Mama anayewauzia ndizi nje ya uwanja leo ndiye atakayewaelekeza stendi gizani.

Ukibaki nyumbani

Si kila mtu ana siku tatu na nauli. Ukitazama bandani au sebuleni, wahi uwaone wachezaji wakipasha misuli kama kamera inaonyesha. Mwangalie kipa wako: akipigiwa mipira ya chini na anaiacha idunde mara mbili kabla ya kuidaka, hauamini uwanja. Hapo ulipo unaona kitu ambacho shabiki wa mzungukoni hakioni, kwa hiyo mpigie simu umwambie.

Baada ya filimbi

Fungua daftari. Soma matokeo matatu uliyoyaandika na maswali matatu, uyajibu kwa sentensi moja moja kabla hujaingia kwenye mabishano ya kijiweni. Kama timu ilishindwa kwa jambo uliloliona tangu Jumanne, mdai kocha maelezo, ni haki yako. Kama ilizidiwa na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, wape mkono wenyeji. Na kama mlipata sare mliyosema mapema kuwa mnaikubali, usiruhusu mtu akugeuzie kuwa msiba. Wachezaji wanarudi na safari ileile ndefu, na wanastahili kupokelewa na watu wanaojua walikotoka.

Halafu usiitupe karatasi. Wenyeji hawa watakuja kwenu kwenye marudiano, au mlishawakaribisha na mtakutana nao tena msimu ujao. Andika jina la uwanja, saa ya mechi, hali ya nyasi, kilichofanya kazi na kilichokwama. Ukifanya hivyo kwa mikoa yote ya ligi, utakuwa na kitabu cha ugenini, na kijana mpya wa tawi akikuuliza uwanja wa Mkwakwani, Tanga, ukoje, utakuwa na la kumwambia.